Walimu wa Kiingereza na Kikwazo cha Umri

Ubaguzi wa umri katika ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili ni hali ya mwalimu kunyimwa kazi, vipindi au mkataba mpya kwa sababu ya miaka yake, bila kuangaliwa anafundishaje. Hali hiyo huonekana zaidi Asia ya Mashariki na katika nchi za Ghuba, ambako walimu kutoka nje huajiriwa kwa mikataba mifupi, mara nyingi ya mwaka mmoja. Wengi huanza kuiona wakiwa na miaka hamsini hivi, na wakifika sitini nafasi huwa chache mno. Kizuizi hiki kina sehemu mbili: moja imeandikwa katika sheria za vibali vya kazi, nyingine imo katika mazoea ya waajiri. Ni muhimu kuzitenganisha, kwa kuwa namna ya kuziondoa si moja.

Fani hii ina watu wazima wengi kwa sababu inaruhusu kuingia kwa kuchelewa. Cheti cha kufundisha Kiingereza cha CELTA, chenye mizizi katika kozi iliyoanzishwa na John Haycraft jijini London mwaka 1962, huhitaji saa zisizopungua 120 za mafunzo, na anayesoma kutwa anaweza kukimaliza kwa mwezi mmoja hivi. Muuguzi au karani wa benki aliyechoka na kazi yake huweza kuwa mwalimu akiwa na miaka hamsini. Wapo pia walioanza wakiwa vijana na kuzeekea darasani. Hawa ndio huumia zaidi: wamehama nchi hadi nchi, michango yao ya pensheni imetawanyika au haikuwahi kukatwa, na mlango unapofungwa hawana mafao ya kuwatosha.

Kwa upande wa sheria, China ni mfano ulio wazi. Mfumo wa vibali uliotumika nchi nzima kuanzia mwaka 2017 huwapanga wageni katika makundi matatu, na kundi ambalo walimu wengi huingia lina ukomo wa kawaida wa miaka 60. Katika jedwali la alama la mfumo huo, mwombaji wa miaka 26 hadi 45 hupata alama 15 za umri, wa miaka 46 hadi 55 hupata 10, wa 56 hadi 60 hupata 5, na aliyezidi hapo hapati kitu. Korea Kusini, mpango wa serikali wa EPIK, ulioanza mwaka 1995 kupeleka walimu wa kigeni katika shule za umma, umeweka ukomo wa miaka 62, umri ambao walimu wa umma wa nchi hiyo hustaafu. Oman kwa muda mrefu iliwazuia wageni waliopita miaka 60 kufanya kazi katika sekta binafsi, kisha ikaondoa zuio hilo Januari 2022.

Mazoea ya waajiri huanza kuuma mapema kuliko sheria. Tangazo la kituo cha tuisheni huomba nakala ya shahada, nakala ya pasipoti na picha ya uso. Pasipoti inaonyesha mwaka wa kuzaliwa, na picha inaonyesha mvi. Mwombaji mwenye uzoefu wa miaka ishirini hutuma vyote na asijibiwe, huku kijana aliyemaliza chuo juzi akiitwa kwenye usaili wiki hiyohiyo. Hakuna barua inayosema sababu ni umri, na ndiyo maana madai ya namna hii ni magumu kuthibitishwa.

Waajiri hutoa hoja kadhaa. Ya kwanza ni nguvu: watoto wadogo wanahitaji mwalimu wa kuimba, kuruka na kukaa nao sakafuni. Hoja hii ina uzito katika madarasa ya chekechea, lakini hutumiwa hata kwa wanafunzi wa chuo na wafanyakazi wa kampuni, ambao hukaa kwenye viti. Ya pili ni teknolojia, eti mtu mzima hawezi kuendesha darasa la mtandaoni. Janga la UVIKO-19 lililazimisha walimu wa rika zote kujifunza kazi hiyo ndani ya wiki chache. Ya tatu ni gharama, kwa kuwa bima ya afya huwa ghali zaidi kwa mtu wa miaka sitini na mwalimu mzoefu hudai mshahara mkubwa. Ya nne, ambayo haisemwi wazi, ni biashara: wazazi ndio wanaolipa ada, na uso wa kijana kwenye bango huaminika kuvuta wateja.

Katika hoja hizo zote, ufundishaji wenyewe haupimwi, na hapo ndipo uzoefu huonekana. Mwanafunzi wa Kijapani akichanganya sauti za r na l, kosa ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki pia wanalifahamu, mwalimu mgeni wa kazi humwambia arudie neno mara kumi. Aliyekwisha kukutana na kosa hilo miaka mingi anajua kwamba sikio hutangulia ulimi. Humsomea jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja, amwulize kama ni neno lilelile au ni mawili, na hamwachi atamke mpaka sikio limeshika. Anajua pia ni kosa gani la kusahihisha papo hapo na lipi la kuliacha lipite ili mwanafunzi asipoteze ujasiri wa kusema.

Ulinzi wa kisheria upo, ila una mapengo. Marekani ilipitisha mwaka 1967 sheria inayowalinda wafanyakazi wa miaka 40 na kuendelea. Uingereza ilifuta mwaka 2011 kanuni iliyowaruhusu waajiri kumstaafisha mtu kwa kufikisha miaka 65 tu. Japani, kwa marekebisho ya mwaka 2007, ilikataza matangazo ya ajira kuweka ukomo wa umri, isipokuwa kwa sababu maalumu. Katika ngazi ya dunia, Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958 unataja rangi, jinsia, dini na mengineyo, lakini umri haumo. Umri ulikuja kutajwa katika Pendekezo Na. 162 la mwaka 1980, na pendekezo haliifungi nchi kama mkataba. Tanzania nako, matangazo mengi ya ajira za umma huandika kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, hivyo mwalimu wa Kiingereza aliyekaa shule binafsi muda mrefu hujikuta amechelewa, ingawa ukomo wa utumishi ni miaka 60.

Vizuizi vya vibali vya kazi hubadilishwa na serikali, kama Oman ilivyofanya, na vyama vya walimu vina nafasi ya kuvidai. Mazoea yanaweza kubadilishwa na shule zenyewe bila kungoja sheria. Picha na tarehe ya kuzaliwa zinaweza kusubiri mpaka mwombaji apitishwe. Gharama ya bima inaweza kujadiliwa waziwazi, kwa kuwa wapo walio radhi kuichangia. Mwalimu mzoefu anaweza pia kupewa madarasa ya watu wazima, maandalizi ya mitihani kama IELTS na kazi ya kuwalea walimu wapya. Na mwajiri mwenye shaka na uwezo wa mtu ampe kipindi kimoja, akae nyuma ya darasa, amtazame akifundisha.