Jezi ya buku tatu, bei ya ng'ombe: Nani kamlia mwenzake?

Na Mwandishi Wetu

USEVYA, KATAVI. Kwenye turubai la mitumba siku ya mnada, jezi ni jezi tu. Ya Arsenal, ya Nigeria, ya timu ya mtaani huko Ujerumani ambayo hata jina lake halitamkiki, zote zinalala pamoja na bei ni moja: buku tatu. Ukichukua mbili unapunguziwa.

Muuzaji anakagua vitu vitatu. Haijachanika, haijapauka, inamtosha mtu mzima. Basi. Jezi ya Simba au Yanga ya msimu huu, hata kama ni feki, inatoka haraka kuliko jezi ya Uholanzi ya mwaka 1988.

Hapo ndipo anapotokea jamaa mwenye simu janja. Anapekua taratibu, anageuza kola, anasoma lebo, anairudisha chini ili asionekane ana haraka. Mwisho anatoa buku tatu yake na kuondoka na jezi ambayo Ulaya wapo watu wanaoilipia mamia ya pauni. Hela ya ng'ombe, pengine na ndama wake.

Hakuiba. Hakudanganya. Bei alitajiwa na mwenye mali. Je, kamdhulumu?

Wapenda soka wengi watajibu haraka. Upande mmoja watasema biashara ni macho, aliyelala ajilaumu. Upande wa pili watasema huo ni wizi wa kistaarabu. Ukweli ni kwamba jibu linategemea jezi imetoka mikononi mwa nani, na nini kilisemwa kabla hela haijabadilisha mfuko.

KWA NINI NGUO KUUKUU INA BEI

Kwanza tuelewane kwenye jambo moja. Bei ya jezi ya zamani haitokani na kitambaa. Inatokana na uchache wake na hadithi yake.

Mwaka 2006, marafiki wawili huko Manchester, Uingereza, walianzisha duka la kuuza jezi za zamani, Classic Football Shirts. Leo ni biashara kubwa inayojulikana duniani, na bidhaa yake ni ileile ambayo kwetu inarushwa juu ya turubai. Jezi ya Uholanzi iliyobeba Kombe la Ulaya 1988, ya Ujerumani Magharibi ya 1990, ya ugenini ya Arsenal ya 1991 hadi 1993 yenye michirizi ya njano na nyeusi: hizo, zikiwa halisi za wakati ule, zinatafutwa kama dawa.

Neno la kushika hapo ni "halisi". Kampuni zenyewe zimeshazitoa upya baadhi ya jezi hizo, na feki ndiyo usiseme. Wajuzi wanaangalia lebo ya shingoni, mshono wa nembo na herufi za mdhamini. Jezi nyingi za miaka ya karibuni zina kilebo kidogo kwa ndani chenye namba ya bidhaa. Ukiiandika namba hiyo kwenye simu inakuletea jezi yenyewe. Isipolingana, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Juu kabisa kuna jezi iliyovaliwa na mchezaji mwenyewe uwanjani. Hapo ndipo dunia inapochanganyikiwa.

Juni 22, 1986, baada ya Argentina kuitoa England kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia kule Mexico, kiungo wa England, Steve Hodge, alibadilishana jezi na Diego Maradona. Hodge wakati huo alikuwa Aston Villa, klabu ambayo Mbwana Samatta wetu alikuja kuichezea 2020. Ni yeye aliyeubetua mpira vibaya ukaenda juu, Maradona akaruka na kufunga lile bao la mkono. Mei 2022 jezi hiyo ilipigwa mnada London kwa zaidi ya pauni 7.1 milioni, sawa na zaidi ya Sh20 bilioni kwa viwango vya wakati ule.

Mpira wenyewe wa mechi ile alikuwa nao Mwafrika. Mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia, ambaye hakuuona ule mkono, aliuhifadhi kwa miaka 36. Novemba 2022 aliuza kwa pauni 2 milioni, zaidi ya Sh5 bilioni.

Mzee yule aliujua mpira wake. Angeweza kutokea mtu miaka ya nyuma akamwambia, "Mzee shikamoo, huo mpira umeisha upepo, nikupe hela ya soda," na kama angekuwa hajui, leo hadithi ingekuwa nyingine.

KISA CHA EURO 150

Kisa kinachoumiza kuliko vyote hakikutoka uwanjani, ila kinafanana na cha jezi kama pacha.

Mwaka 2021, wazee wawili, mume na mke, huko kusini mwa Ufaransa walikuwa wanasafisha nyumba yao. Wakamuita mnunuzi wa vitu vikuukuu. Kati ya vitu alivyochukua kulikuwa na kinyago cha mbao cha kabila la Wafang wa Gabon. Alilipa euro 150, kama Sh400,000 hivi.

Machi 2022 kinyago hicho kikauzwa mnadani Montpellier kwa euro 4.2 milioni. Zaidi ya Sh10 bilioni.

Wazee wakaenda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya mji wa Alès ikawaambia wameshindwa: walizembea kutafuta thamani ya mali yao kabla ya kuiuza. Mnunuzi akabaki na hela zake.

Wengi waliwahurumia wazee hao. Lakini rudi nyuma hatua moja. Kinyago kilifikaje kwenye nyumba ile? Babu wa familia alikuwa mtawala wa kikoloni Afrika. Gabon nayo ilijitokeza mahakamani kudai chake, ikagonga mwamba. Kabla ya wazee kulizwa na mnunuzi, kulikuwa na kijiji ambacho kinyago kilitoka, na hakuna risiti inayoonyesha kijiji hicho kililipwa nini.

Hivyo ndivyo mnyororo wa kutojua unavyokwenda. Kila anayeuza bila kujua anamkabidhi anayejua zaidi, na wa kwanza kabisa ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Katika mnyororo huo, sisi huwa wa kwanza.

SHERIA INASEMAJE HAPA KWETU

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 17, inaeleza maana ya ulaghai. Kusema uongo kwa makusudi ni ulaghai. Kuficha kwa makusudi jambo unalolijua nako kumo. Lakini kukaa kimya tu, kwa kawaida, si ulaghai, isipokuwa pale ambapo hali yenyewe inakulazimu kusema.

Kwa lugha ya mnadani: ukiinunua jezi bila kufungua mdomo, kwa kawaida sheria haitakugusa. Lakini muuzaji akikuuliza, "Bosi, mbona umeing'ang'ania sana hii, ina nini?" na wewe ukajibu, "Aah, ya dogo wangu tu, anapenda rangi," umeshavuka mstari. Hapo hujanyamaza. Umedanganya ili upate bei.

Ila sheria ni sakafu, siyo dari. Mengi yanayoruhusiwa na sheria bado yanamfanya mtu ashindwe kumwangalia mwenzake usoni wiki inayofuata. Na Usevya si Kariakoo. Wiki inayofuata mtakutana.

TURUBAI SI SANDUKU LA BIBI

Tuseme wazi: muuza mitumba ni mfanyabiashara. Ananunua belo bila kulifungua, analisafirisha hadi Katavi, na siku ya kulifungua anaweza kukuta nusu ni matambara. Bei ya buku tatu kaipanga yeye, akijumlisha na yale yasiyouzika. Kazi yake ni kuuza haraka arudishe mtaji. Anayepata kitu kizuri humo kapata kwa jasho la macho yake, na muuzaji kapata bei aliyoitaka. Kwa mtu kama huyu, kununua bila kutoa hotuba si dhambi.

Sasa hamisha kisa hicho kwenye nyumba ya mjane ambaye marehemu mumewe alicheza soka la ushindani miaka ya sabini au themanini.

Hiyo ndiyo miaka ya rekodi kubwa za michezo yetu. Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974. Mwaka huohuo Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3:32.2. Mwaka 1980 Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika Nigeria, na kule Moscow Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta medali za fedha ambazo hadi leo ndizo pekee za Olimpiki tulizonazo. Nyuma ya majina hayo kulikuwa na wanamichezo wengi wa kawaida, wa mikoa, majeshi, mashirika na shule, ambao vitu vyao vimebaki kwenye masanduku ya bati: jezi, beji, picha, kadi ya usajili, medali iliyopata kutu.

Mjane huyo si mfanyabiashara. Hana belo lingine. Akiuza mara moja, kamaliza. Na anayemwendea mara nyingi anakwenda na heshima zote, shikamoo mama, pole na msiba, akijua kuwa kuna ada ya shule au dawa inayomsubiri. Kwa mtu kama huyo, kunyamaza ni kumvua mtu nguo huku ukimwamkia.

Kuna na kundi la tatu: mali isiyo ya anayeuza. Kombe la klabu lililokaa kabatini kwa katibu si la katibu. Mwaka 2024 Ufaransa ilipangwa kupigwa mnada tuzo ya Mpira wa Dhahabu ya Maradona ya 1986, iliyokuwa imepotea kwa miaka mingi. Aliyekuwa nayo alieleza kuwa aliipata mnadani Paris 2016, ikiwa imechanganywa na mamia ya vikombe vingine. Watoto wa Maradona wakasema iliibiwa, kesi ikaibuka, mnada ukaahirishwa. Bei rahisi mno wakati mwingine ni ishara kwamba anayekuuzia hana haki ya kuuza.

'NA UJUZI WANGU NI WA BURE?'

Msakaji wa jezi ana hoja, tusimkatishe. Amesoma lebo kwa miaka. Ametumia bando lake. Amenunua feki mara kadhaa akala hasara peke yake. Bila yeye, jezi ile ingeishia kuwa dekio. Kwa nini amgawie muuzaji ambaye hakufanya kazi hiyo?

Jibu ni kwamba ujuzi una bei, lakini si lazima bei hiyo iwe kila kitu. Dalali wa kiwanja anajua soko kuliko mwenye kiwanja, naye analipwa asilimia. Hapewi kiwanja.

Tupige hesabu ya mfano. Jezi imenunuliwa Sh3,000 kwa mjane, imeuzwa Sh300,000 baada ya kutoa gharama ya kutuma. Msakaji akirudi na nusu, bado ana Sh150,000 kwa kitu kilichomgharimu buku tatu. Na siku mjane akikumbuka kuwa kuna sanduku jingine kwa shemeji yake, anajua nani wa kupigiwa simu.

Hata kwa muuza mitumba, maneno machache yanalipa: "Kaka, nyingine yenye lebo kama hii usiitupe kwenye turubai, niwekee, nakupa buku kumi." Anayesema hivyo kila wiki anawekewa mzigo. Anayejifanya mjinga, siku akigundulika, bei inapanda kwake yeye tu.

MPUNGA UNATUFUNDISHA

Watu wa bonde la Mpimbwe hawahitaji kufundishwa somo hili na London. Mlanguzi anayekuja wakati wa njaa, mpunga ukiwa bado kijani shambani, naye hadanganyi. Anataja bei, mkulima anakubali. Mavuno yakifika, anabeba. Lumbesa nayo ilianza hivyohivyo, kwa mmoja kujua uzito na mwingine kukadiria kwa macho.

Wachimbaji wadogo walilia kilio hicho kwa miaka, hadi yalipofunguliwa masoko ya madini nchini kuanzia 2019. Juni 2020, Saniniu Laizer wa Mirerani aliuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite kwa Sh7.74 bilioni. Kilichomsaidia ni kwamba jiwe lilipimwa na bei ikatajwa mbele ya watu. Gizani, lingeondoka kwa bei ya pikipiki.

Vitu vya michezo havina soko la namna hiyo kwetu. Mpaka lipatikane, kinga ni ya mwenye mali na dhamira ya mnunuzi.

KABLA HUJAUZA

Usiuze siku ileile uliyoulizwa. Anayetaka kweli atarudi, na akirudi haraka sana, hiyo peke yake ni habari.

Piga picha mbele, nyuma na lebo. Mpe kijana mwenye simu janja aitafute. Uliza watu wasiopungua watatu, mmoja akiwa mbali na Katavi.

Usifue medali kwa majivu wala dawa ya meno. Kutu ni sehemu ya umri wake. Jezi usiishonee kiraka.

Andika hadithi yake: nani aliivaa, mechi gani, mwaka gani. Kama ipo picha yake akiwa ameivaa, iweke pamoja nayo. Wanunuzi wakubwa hulinganisha picha na jezi hadi mshono kwa mshono, na kitu chenye ushahidi kinaweza kuzidi bei mara nyingi kisicho na ushahidi.

Mkikubaliana, andikishaneni mbele ya shahidi, na ombeni kipengele kimoja: ikiuzwa tena kwa bei kubwa, familia ipate asilimia.

Na wewe msakaji, kipimo chako ni chepesi. Kabla hujatoa hela, jiulize kama ungeweza kumsimulia aliyekuuzia, kwa mdomo wako mwenyewe, umeiuza shilingi ngapi. Kama ungeweza, nunua. Kama siku hiyo ungelazimika kuhama Usevya, acha.