Ligi ya ARV haina mapumziko, usimwache mwenzako acheze peke yake

KUNA ligi moja haina likizo ya msimu wala mechi ya kiporo. Ni ya mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi (VVU). Kidonge leo, kidonge kesho, maisha yake yote.

Kwa kijana anayesakata kabumbu Bendera, wilayani Same, ligi hiyo ina ugumu wake. Bendera iko tambarare, chini ya Milima ya Upare. Ukitoka Same mjini unaziacha Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio ndipo uifikie. Na kijijini kila mtu anamjua mwenzake. Mchezaji akionekana kwenye benchi la kliniki asubuhi, jioni habari iko kijiweni. Ndiyo maana kuna wanaoona heri wafuate dawa mbali, wasikojulikana. Siku nauli ikikosekana, tarehe inapita.

Dawa zenyewe ni bure. Tanzania ilianza kuzitoa mwaka 2004, na tangu 2016 anayekutwa na VVU anaanzishiwa bila kusubiri kinga ishuke. Mtihani ni kubaki nazo. Wengi wakimeza kila siku, ndani ya miezi kama 6 virusi hufubaa hadi kipimo hakivioni. Aliyefika hapo na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Ila ukizirukaruka, virusi vinajenga usugu na dawa inashindwa kazi.

Kilichomtoa Magic

Novemba 7, 1991, nyota wa kikapu wa Los Angeles Lakers, Magic Johnson, alitangaza kuwa ana VVU na anastaafu. Februari 1992 kura za mashabiki zilimrudisha kwenye mechi ya mastaa wa NBA, akawa mchezaji bora wa mechi. Mwaka huohuo akabeba dhahabu ya Olimpiki kule Barcelona.

Mwili ulikuwa fiti. Lakini alipotaka kurudi Lakers, baadhi ya wachezaji walisema wazi kuwa wanaogopa kucheza naye. Novemba 1992 akastaafu tena kabla ligi haijaanza. Alirejea Januari 1996, akacheza mechi 32.

Hofu ile haikuwa na msingi. VVU haviambukizwi kwa jasho, kwa kukumbatiana baada ya bao, kwa kunywea chupa moja wala kuvaa jezi ya mwenzako. Na damu? Sheria za soka zinamtoa nje mchezaji yeyote anayevuja damu hadi ikatike, awe na VVU au asiwe navyo.

Nahodha anaweza

Kilimanjaro inalijua somo hili kitambo. Mwaka 1990 wanawake wa Moshi walianzisha KIWAKKUKI, kikundi cha kupambana na Ukimwi, wakawa wanawafuata wagonjwa majumbani. ARV zilikuwa bado hazijafika. Walichokuwa nacho ni kubisha hodi na kukaa na mgonjwa.

Leo kliniki humshauri anayeanza dawa awe na msaidizi wa tiba, mtu wa kumkumbusha na kumsindikiza. Wapo pia wenzao wanaoishi na VVU wanaowafuatilia waliopotea kliniki. Huyo msaidizi anaweza kuwa nahodha, kipa, au yule anayelala naye chumba kimoja kambini. Timu inapanda Canter alfajiri kwenda bonanza, yeye anauliza taratibu tu: “Umebeba vitu vyako?” Inatosha.

Akishaambiwa, asiitangaze. Siri ni ya mwenyewe, na Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inailinda.

Kocha naye ana sehemu yake. Anayempa beki wake ruhusa ya kwenda kliniki Jumatano bila maswali, atakuwa naye uwanjani Jumamosi. Anayemhoji mbele ya kikosi, anaweza kumkosa msimu mzima.