Kizuri Chajiuza? Habari za Duka Lililo Ndani ya Simu

Wazee wetu husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa miaka mingi niliuamini msemo huu bila kuupima. Leo nataka kuwaelezeni habari za mahali ambapo msemo huu hauna nguvu, napo ni katika duka la programu za simu. Nitaanza na kisa kilichonifanya niyatafute maarifa haya, maana mimi mwenyewe nina sehemu ya lawama.

Mwezi wa Septemba 2021 shule za Uganda zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Nilikuwa na umri wa miaka 14. Nilitoka kwetu Paya nikaenda kukaa na mjomba wangu Malaba, upande wa Kenya, ambako huuza nguo za mitumba. Biashara ilikuwa imelala. Siku moja mjomba alinipa simu yake akasema, "Mpwa wangu, wewe macho yako ni mazima, na Kiingereza wakijua. Nitafutie humo ndani watu wanaokopesha fedha."

Nikafungua duka la programu, nikaandika "mkopo haraka", nikabonyeza ile iliyokuwa juu kabisa. Sikusoma hata mstari mmoja. Programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu, nami nikakubali. Mjomba aliomba shilingi 3,000 za Kenya, akapata 2,200, akaambiwa arudishe 3,000 kamili baada ya siku 7. Siku ya nane asubuhi watu waliomo katika simu yake walianza kupata ujumbe kwamba yeye ni mwizi anayekimbia deni. Walipata wateja wake, akapata katekista wake, akapata hata mama mkwe wake. Ninyi mnajua uzito wa mama mkwe katika desturi zetu. Kwa siku tatu mjomba hakutoka kwenda sokoni.

Hakunipiga wala hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu: "Mpwa wangu, kama kitu hiki ni kibaya, mbona wenye duka walikiweka mbele?" Sikuwa na jibu. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Duka lilivyoanza

Kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka lake la programu tarehe 10 Julai 2008. Siku hiyo lilikuwa na programu 500 tu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Google nao wakafungua duka la simu za Android, ambalo tangu Machi 2012 huitwa Google Play. Simu nyingi tunazoziona Tororo, Nagongera na Busia ni za aina hii ya pili.

Vitu 500 mtu aweza kuvipitia kimoja kimoja, kama mteja apitaye meza zote za soko. Lakini kufika Julai 2013 duka la Google lilikuwa limepita programu 1,000,000. Fikirini soko lenye meza milioni moja. Mtu akitazama meza moja kwa dakika moja, mchana na usiku bila kulala, atamaliza baada ya siku 694 hivi. Kwa hiyo hapana budi mwenye soko amsaidie mteja. Naye humsaidia kwa njia mbili: mteja aulize, au mteja atembee. Kila njia ina faida yake na mtego wake.

Njia ya kuuliza

Juu ya duka pana kisanduku cha kuandikia. Ukiandika neno, majibu huja kabla hujavuta pumzi. Watu wengi hudhani kwamba simu imekwenda kutazama programu zote wakati huo huo. Sivyo. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa zamani. Tazameni kitabu chenu cha Baiolojia, kurasa za mwisho: pana faharasa, yaani orodha ya maneno kwa mpango wa alfabeti, na kila neno na ukurasa wake. Duka nalo lina faharasa kubwa ya namna hiyo. Ukiandika "mkopo", halitafuti dukani, hutafuta katika faharasa.

Maneno hayo hutoka wapi? Hutoka kwa mwenye kutengeneza programu mwenyewe. Katika duka la Google huruhusiwa jina lisilozidi herufi 30, maelezo mafupi yasiyozidi herufi 80, na maelezo marefu yasiyozidi herufi 4,000. Apple humpa tena nafasi ya herufi 100 aandike maneno ya kutafutiwa, na mnunuzi hayaoni kamwe. Basi mtu mwerevu huyapanga maneno haya kama mvuvi apangavyo chambo. Watu wakiandika "haraka", naye huandika haraka. Zamani wengine walijaza katika jina maneno kama bora, bure na namba moja, hata Google walipoyakataza mwaka 2021.

Faharasa ikitoa programu mia mbili zenye neno lako, duka lapaswa kuamua ipi itangulie. Hapo hutazama mambo mengi: kama neno limo katika jina lenyewe, ni watu wangapi wameichukua, wameipa nyota ngapi, kama huzimika ovyo, na kama yafaa kwa lugha na nchi yako. Mashine ndiyo huyapima haya yote kwa hesabu. Lakini angalieni sana: hesabu hii hupima kama programu yafanana na neno ulilouliza na kama watu huipenda au huichukua. Haipimi huruma ya mwenye kukopesha. Watu wengi wenye shida wakiichukua programu ya mikopo siku moja, mashine huona kitu kinachopendwa.

Tena iko nafasi ya kulipiwa. Google walianza kuuza nafasi za juu katika majibu mwaka 2015, na Apple mwaka 2016. Programu iliyolipiwa hutiwa alama ya neno dogo lenye maana ya tangazo. Neno hilo ni dogo kweli, na mtu mwenye haraka hulipita. Katika soko letu twajua kwamba anayekaa langoni hulipa zaidi kuliko anayekaa ndani, wala hatusemi kwamba nyanya zake ni tamu zaidi. Lakini katika simu twasahau.

Njia ya kutembea

Njia ya pili ni ya mtu asiyejua atafute nini. Huyu hutembea dukani akitazama. Kwa ajili yake duka limepangwa kwa rafu: elimu, michezo, fedha, afya, vitabu na kadhalika. Ziko pia orodha za programu zinazoongoza, na ziko zile ambazo duka hukuchagulia kwa kutazama ulichochukua zamani. Mwaka 2017 Apple walilipanga duka lao upya, wakatenga michezo mbali na programu nyingine, wakaweka na ukurasa wa kila siku ambao watu, wala si mashine, huandika habari za programu walizozichagua.

Faida ya kutembea ni kukutana na kitu usichokijua. Mtego wake ni huu: kilicho juu huonekana, kinachoonekana huchukuliwa, na kinachochukuliwa huzidi kukaa juu. Programu mpya ya kijana wa Mbale au Kisumu, hata ikiwa nzuri, hubaki chini mahali ambapo kidole hakifiki.

Mambo ya mpakani

Sisi watu wa mpakani tuna jambo letu. Duka la simu lina mipaka kama nchi. Akaunti ya Google Play huhesabiwa kuwa ya nchi moja, na huwezi kuibadilisha nchi hiyo ila mara moja kwa mwaka. Mwenye programu naye huchagua nchi atakazouza. Kwa hiyo watu wawili wa Malaba, waliotenganishwa na daraja tu, waweza kuandika neno moja wakapata majibu mbalimbali. Mfanyabiashara mwenye laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, asishangae akikosa programu ambayo jirani yake anayo.

Lugha nayo ni mpaka. Nimejaribu kuandika maneno ya Kidhopadhola, lugha ya mama yangu, sikupata kitu cha maana. Si kosa la mashine peke yake. Faharasa haiwezi kutoa neno ambalo hakuna aliyeliandika.

Hapa nataka kutoa mfano wa kitu kizuri kisichojiuza. Iko programu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na shirika la FAO na wataalamu wa mihogo wa shirika la IITA. Ukielekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, hukuambia kama lina ugonjwa wa batobato au michirizi ya kahawia. Inajua Kiswahili, na hufanya kazi hata pasipo intaneti. Paya tunakula mihogo, na magonjwa haya tunayajua kwa njaa. Lakini mkulima wetu ataipataje? Jina lake halina neno muhogo wala ugonjwa. Akiandika "nuru" peke yake, aweza kuletewa tochi na vitabu vya sala. Mimi niliipata kwa sababu mwalimu wa kilimo aliniambia jina lake. Nilipoionyesha nyumbani, baba alikwenda nayo shambani asubuhi, hakurudi mpaka jua lilipokuwa utosini. Basi kwa habari ya programu, mdomo wa mtu mwenye maarifa bado unalishinda duka.

Sheria zilivyofuata

Msidhani kwamba kilio cha watu kama mjomba kilipotea bure. Mwezi wa Machi 2022 Kenya ilitoa kanuni za kuwataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni ya Benki Kuu. Kufika Septemba mwaka huo, waombaji 288 walikuwa wamejitokeza, na waliokwisha kupata leseni walikuwa 10 tu. Kuanzia mwisho wa Januari 2023 Google nao walidai programu za mikopo nchini Kenya zionyeshe uthibitisho wa leseni ndipo zikae dukani. Tarehe 31 Mei 2023 wakakataza programu za mikopo ya watu binafsi kusoma majina na picha zilizomo katika simu ya mkopaji. Kwetu Uganda, wakopeshaji husimamiwa na mamlaka iitwayo UMRA, kwa sheria ya mwaka 2016.

Haya ni mema, lakini sheria ni ua tu. Ua huzuia ng'ombe, hauzuii nyoka. Mtu mwenyewe apaswa kutazama aweka mguu wapi.

Mambo ya kushika

Kwa hiyo nawaombeni mshike mambo haya machache.

Kwanza, tazameni kama iliyo juu ina alama ya tangazo. Ikiwa nayo, shukeni mpaka zile zisizolipiwa, kisha mlinganishe.

Pili, msihesabu nyota peke yake, hesabuni na watu. Nyota 5 za watu 12 si sawa na nyota 4 za watu 100,000. Tena someni maneno ya walioipa nyota 1, maana huko ndiko waliko akina mjomba.

Tatu, tazameni jina la mwenye programu, na nyingine alizozitengeneza. Mtu asiye na jina wala anwani, mwogopeni.

Nne, someni ruhusa anazoziomba. Mwenye tochi anataka majina ya ndugu zako kwa kazi gani?

Tano, kwa mambo ya fedha msianzie dukani. Anzeni kwa orodha ya wenye leseni, mpate jina, ndipo mkaandike jina hilo lenyewe katika kisanduku. Kutafuta kwa jina ni salama kuliko kutafuta kwa shida yako.

Wakati wa Krismasi iliyopita nilikwenda Malaba, nikamweleza mjomba haya yote tukiwa tumekaa juu ya marobota ya nguo. Nilimwomba msamaha pia, kwani sikuwahi kufanya hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe duka halikusema ni kizuri. Lilisema kiko karibu tu." Nikamwambia, "Ndiyo, mjomba." Akanyamaza kidogo, halafu akanipa simu yake akasema, "Haya, nitafutie ile ya mihogo. Safari hii soma kwanza."

Nikasoma kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Paya