Namna ya Kuendesha Utafiti wa Pamoja: Funzo la Makaa ya Mathenge

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii sote tunaijua na tunaiandika kila mara katika insha. Lakini wahenga hawakutueleza vile vidole viwili vitapatana namna gani. Katika makala haya nitaeleza jinsi utafiti wa pamoja unavyoendeshwa, hasa ule wa nishati safi, maana nimeuonja na ukanitoa jasho.

Utafiti wa namna hii hutafuta vitu vya kutupatia moto au umeme bila kumaliza miti wala kutujaza moshi vifuani. Hata chuo kikuu hakiwezi peke yake. Mmoja anajua kemia, mwingine ana mitambo, na mwingine anaishi karibu na watu watakaokitumia kitu chenyewe.

Mfano mzuri tunao hapa Kenya, na pengine ndio uliokuchemshia chai leo asubuhi. Ni lile jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani. Lilibuniwa miaka ya mwanzo ya 1980, na wazo lilitokana na majiko ya ndoo ya Thailand. Wataalamu walipima joto, wafinyanzi wakafinyanga udongo, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakakunja bati, na akina mama wakalipikia. Udongo wa kwanza ulipasuka. Malalamiko ya wapishi yakarudi kwa mafundi, likarekebishwa. Katika vipimo, jiko hilo hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Kama kila kundi lingejifungia kwake, tungekuwa bado tunahangaika na jiko la bati tupu.

Huku Turkana jambo hili si mzaha. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, na Kalobeyei ikafuata mwaka wa 2016. Wenyeji na wakimbizi wote wanapika, na kuni ni zile zile. Ugomvi umezuka mara nyingi kwa sababu ya kuni, na wanaoenda kuzitafuta mbali ni wanawake na wasichana. Mti tulio nao kwa wingi ni mathenge, ambao Waturkana huuita etirae. Ulipandwa huku miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na sasa umevamia kingo za mito na malisho.

Basi klabu yetu ya sayansi hapa Lodwar iliungana na wanafunzi wa Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi. Swali letu: vumbi la makaa ya mathenge lishikanishwe na nini, uji wa unga au udongo?

Baada ya wiki tatu tukalinganisha madaftari. Lahaula! Kwetu maji yalichemka kwa dakika 14, kwao dakika 31, na makaa ni yale yale. Maonyesho ya sayansi yalikuwa yamebakisha siku tisa. Mwenzetu mmoja akasema, "Si tuandike tu ya katikati, nani atajua?" Nakiri kwamba nilinyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa ni kukubali. Mwalimu hakutugombeza. Alituuliza tu, "Na mama atakayenunua haya makaa, maji yake yatachemka katikati?"

Tukapiga simu Kakuma. Kumbe sisi tulipima makaa kwa mizani ya maabara, nao, kwa kukosa mizani, walipima kwa mkebe wa kasuku. Sisi tulifunika sufuria, wao hawakufunika. Sisi tulikuwa ndani, wao nje penye upepo. Hakuna aliyedanganya. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na barua yangu ilisema tu, "Chemsheni maji." Kosa lilikuwa langu.

Kutokana na hayo nilijifunza mambo manne. Kwanza, swali na vipimo viandikwe kabla ya moto kuwashwa: maji lita 1, makaa gramu 300, sufuria ya aina moja yenye kifuniko, na kila jaribio lirudiwe mara tatu ndipo wastani utafutwe. Pili, kila kazi iwe na mwenyewe: wa pesa, wa vifaa, wa daftari. Tatu, matokeo yalinganishwe kila wiki, yasingoje mwisho. Nne, yaliyoharibika yaandikwe pia, na majina ya wote yawekwe.

Tulianza upya. Makaa ya uji yaliwaka haraka. Yale ya udongo mwingi yaliacha majivu tele. Sisi tukashangilia uji. Lakini wenzetu wa Kakuma wakauliza, "Nani atachoma unga, na chakula chenyewe ni cha mgao?" Swali hilo Lodwar halikutujia kabisa. Tukaacha uji, tukajaribu udongo kidogo kidogo mpaka majivu yakapungua.

Hatukushinda. Jedwali letu lilikuwa na nafasi mbili tupu, kwa maana siku zilituishia, na tuliziacha hivyo hivyo. Lakini kila namba iliyokuwa pale ilikuwa ya kweli. Ndugu msomaji, ukialikwa katika kazi ya pamoja, usiulize kwanza nani mkubwa. Uliza, "Je, mkebe wetu ni mmoja?"