Mishipa Iliyotuna Miguuni: Tusiipuuze

Mwezi huu tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wanao bila kuujua kwa jina: ugonjwa sugu wa vena za miguu. Dalili iliyo wazi ni mishipa iliyotuna na kujipinda chini ya ngozi, kwenye paja, nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu.

Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu ya miguuni hupanda mlima, kama mtu atokaye Moshi mjini kwenda Marangu. Misuli ya shavu la mguu huisukuma tunapotembea, na ndani ya vena vimo vilango vidogo, yaani vali, vinavyoizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama, vena hutanuka, na mguu huwa mzito na kuvimba jioni. Baada ya miaka, ngozi karibu na kifundo huweza kuwa nyeusi na ngumu, ikawasha, kisha ikachimbika kidonda kisichopona upesi. Kidonda hicho si uchawi.

Je, wagonjwa ni wengi? Huko Edinburgh, Uskoti, watu 1,566 wenye umri wa miaka 18 hadi 64 walipimwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha mishipa iliyotuna kwa wanaume karibu 40 katika kila 100, na wanawake 32. Wengi walishangaa, maana wanawake ndio waendao zaidi hospitali kwa tatizo hili. Kwa upande wetu, Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1972 kwamba ugonjwa huu ni nadra vijijini Afrika, akidhani ni kwa sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi. Lakini mtu wa kijijini haendi hospitali kwa mshipa usiomuuma. Tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Mambo yanayoongeza hatari ni haya:

1. Umri mkubwa.
2. Ukoo. Mzazi akiwa nao, watoto wawe macho.
3. Mimba, hasa nyingi. Mtoto tumboni hukandamiza vena, na homoni huzilegeza.
4. Unene.
5. Kusimama au kukaa muda mrefu bila kutembea: mwalimu, mlinzi, muuzaji wa ndizi soko la Mbuyuni au Kiborloni, fundi cherehani.
6. Damu kuwahi kuganda ndani ya vena ya mguu, au mguu kuumia vibaya.

Hapa nawaomba akina bibi wanaotunza wazazi. Desturi yetu ya kumpumzisha mama na kumlisha mtori ni nzuri, tuidumishe. Lakini asilale siku nzima. Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, damu huganda kwa urahisi zaidi. Mwacheni atembee nyumbani na uani kila siku, kadiri nguvu zake zinavyoruhusu.

Tufanye nini basi? Tembea kila siku. Ukisimama kazini, inua visigino na kuvishusha mara kwa mara. Jioni lala ukiinua miguu juu ya mto, ipite usawa wa moyo. Punguza uzito. Soksi maalumu za kubana husaidia sana, na bandeji ya kubana huponya vidonda vingi, lakini mganga apime kwanza mishipa inayopeleka damu mguuni. Ikiwa imeziba, kubana kutaleta madhara. Usifunge mguu kwa mpira wala kupaka kidonda dawa usiyoijua. Mwenye kidonda apimwe pia kisukari.

Mshipa ukipasuka na kuvuja damu, lala chini, inua mguu, gandamiza kwa kitambaa safi, kisha upelekwe hospitali. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda siku hiyo hiyo. Ukiongezeka kubanwa na pumzi au maumivu ya kifua, usingoje hata saa moja: huenda damu iliyoganda imefika mapafuni, nayo huua.

Anza kwenye zahanati iliyo karibu. Hospitali zetu za Kibosho, Kilema na Huruma zipo, na wanaohitaji zaidi hupelekwa KCMC. Afya ni zawadi ya Mungu. Tuitunze kabla mguu haujatushinda.