Ufadhili wa Kumbukumbu kwa Wanasayansi wa Bahari: Unavyofanya Kazi na Unavyotuhusu

Mkazi wa Mbezi Beach anayesimama ufukweni huviona visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, visiwa hivyo vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na leo vinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Sheria hulinda mipaka. Kujua kama matumbawe yaliyomo ndani ya mipaka hiyo yanapona au yanakufa ni kazi ya wanasayansi, na kazi hiyo ina gharama.

Mojawapo ya njia za kuigharamia ni ufadhili wa kumbukumbu. Jambo hili si geni katika jamii yetu. Familia huchimba kisima kwa jina la mzazi aliyefariki ili watu waendelee kunufaika baada yake. Ufadhili wa kumbukumbu hufuata wazo hilohilo: fedha hutengwa kwa jina la marehemu, na mara nyingi huwekezwa ili faida yake itumike kila mwaka bila kugusa mtaji. Anayenufaika ni mwanasayansi anayeendeleza kazi ambayo marehemu aliithamini.

Ipo mifano inayojulikana. Nchini Marekani, mwaka 2000, ulianzishwa ufadhili kwa kumbukumbu ya Dkt. Nancy Foster, mwanasayansi aliyekuwa kiongozi katika mamlaka ya bahari na anga ya nchi hiyo. Ufadhili huo huwasomesha raia wa Marekani katika ngazi za uzamili na uzamivu katika sayansi za bahari. Hapa nchini, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere kwa wanafunzi wanaofanya vizuri katika hisabati na sayansi.

Kwa ukanda wetu, mlango ulio karibu zaidi ni Chama cha Sayansi za Bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi (WIOMSA), kilichoanzishwa mwaka 1993 na chenye makao yake Zanzibar. Ingawa ruzuku zake si za kumbukumbu, huwasaidia watafiti wa ukanda huu, wakiwamo wanafunzi wanaoandaa tasnifu zao.

Kwa nini fedha hizi zina uzito? Utafiti wa matumbawe unahitaji boti, mafuta, mitungi ya kuzamia na vipimo vya maabara. Aidha, bahari ya kaskazi si bahari ya kusi. Anayepima msimu mmoja tu ameona nusu ya habari. Mwaka 1998 joto la maji lilipopanda, matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Walioweza kueleza ukubwa wa hasara ni wale waliokuwa na vipimo vya miaka ya nyuma. Kijana aliyehitimu akiacha fani kwa kukosa posho, mfululizo wa vipimo hukatika, na mvuvi wa Kunduchi hubaki bila jibu anapouliza kwa nini samaki wamepungua.

Mzazi au kijana anayekusudia njia hii azingatie yafuatayo:

1. Maandalizi huanza sekondari. Baiolojia, Kemia na Jiografia ni msingi mzuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sayansi za majini, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari ipo Zanzibar.

2. Masharti yasomwe kabla ya kuomba. Baadhi ya ufadhili hutolewa kwa raia wa nchi fulani tu, au kwa ngazi fulani ya elimu.

3. Mwombaji huandika andiko linaloeleza swali la utafiti, mbinu, muda na bajeti, na huwa na wadhamini wa kitaaluma wanaomfahamu. Anayepewa fedha hutakiwa kutoa taarifa ya matumizi na matokeo.

4. Utafiti ndani ya maeneo tengefu huhitaji kibali cha mamlaka inayoyasimamia.

5. Jihadhari na matapeli. Anayedai "ada ya kufungua faili" kupitia simu asipewe fedha kabla ya kuthibitisha habari kwa taasisi husika.

Endapo mwombaji atatakiwa kuthibitisha makazi, barua ya utambulisho hutolewa na Ofisi ya Serikali ya Mtaa anakoishi.

Wananchi wengine nao wana nafasi yao. Mtafiti akifika ufukweni, mvuvi mzoefu humweleza wapi palikuwa na pweza na tangu lini hawaonekani. Maelezo hayo hayamo katika kitabu chochote, nayo hupotea mzee anapoondoka. Tuwapokee watafiti wetu, tuwaulize maswali, na tuwadai majibu kwa lugha tunayoielewa.