Baada ya Uzi Kukatwa: Miaka ya Mwanzo ya Kupandikiza Moyo

Upandikizaji wa moyo, yaani kuutoa moyo ulioshindwa kazi kifuani mwa mgonjwa na kuweka mahali pake moyo mzima wa mtu aliyekwisha kufa, huhesabiwa kuwa ulianza alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1967 katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mikononi mwa Christiaan Barnard. Hesabu hiyo ni sahihi kwa tarehe, lakini imewafanya wengi waamini kwamba ugumu wote ulikuwa katika kushona, ilhali njia ya kushona ilikwisha kupatikana miaka saba kabla, na kilichowaua wagonjwa wengi wa mwanzo hakikuwa kisu wala sindano, bali yale yaliyofuata baada ya uzi kukatwa.

Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1960 na Norman Shumway na Richard Lower wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Moyo huingiwa na vena nne kutoka mapafuni na vena kuu mbili kutoka sehemu nyingine za mwili, na kuziunganisha moja moja ni kazi ya muda mrefu ambayo moyo usio na damu hauwezi kuisubiri. Shumway na Lower waliuacha ukuta wa nyuma wa vyumba viwili vya juu vya moyo wa zamani mahali pake, pamoja na vena zake zote, kisha wakaushonea moyo mpya juu ya ukuta huo, kama fundi cherehani anayetia kiraka kimoja kipana badala ya kuhangaika na kila tundu peke yake. Ikabaki mishono mikubwa minne tu: miwili ya vyumba hivyo, mmoja wa aota, ambayo ni ateri kuu inayopeleka damu mwilini, na mmoja wa ateri ya mapafu. Wakati wa kusubiri, moyo ulilazwa katika maji ya chumvi yenye ubaridi mkali ili misuli yake isihitaji oksijeni nyingi. Mbwa mmoja aliyepandikizwa kwa njia hiyo aliishi wiki tatu.

Barnard, mtoto wa mchungaji wa Beaufort West katika nyika kavu ya Karoo, alisomea upasuaji wa moyo Minnesota, Marekani, ambako Shumway naye alipitia, akarejea nyumbani mwaka 1958 na mashine ya moyo na mapafu, ambayo huipokea damu ya mgonjwa, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini wakati moyo umesimamishwa. Mwaka 1966 alimtazama Lower akipandikiza moyo wa mbwa huko Virginia, kisha akajizoeza kwa mbwa wapatao 50. Katika maabara ya wanyama ya Cape Town alikuwepo Hamilton Naki, Mwafrika aliyeajiriwa kama mtunza bustani, ambaye mikono yake ilipata ustadi wa kupandikiza viungo vya wanyama hata akawafundisha madaktari vijana. Habari iliyoenea kwamba Naki alishiriki usiku ule wa Desemba si ya kweli; lililo kweli linatosha kuuma, kwamba alistaafu mwaka 1991 kwa pensheni ya mtunza bustani.

Mgonjwa wa usiku ule alikuwa Louis Washkansky, mfanyabiashara wa vyakula mwenye umri wa miaka 53, na moyo ulitoka kwa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari karibu na hospitali katika ajali iliyomuua pia mama yake. Baba yake, Edward, alitoa ridhaa baada ya kufikiri kwa dakika chache. Kwa muda Washkansky alilala kifua kikiwa wazi na kitupu, damu yake ikizungushwa na mashine. Mishono ilipokamilika, moyo mpya ulishtuliwa kwa umeme, ukatulia kidogo, halafu ukaanza kupiga.

Swali lililowakwamisha wengine, Shumway akiwemo, lilikuwa la kifo. Tangu zamani mtu alihesabiwa amekufa moyo wake uliponyamaza, lakini moyo ulionyamaza kwa muda mrefu haufai tena. Afrika Kusini sheria iliwaachia madaktari uamuzi huo. Marekani, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilieleza mwaka 1968 vigezo vya kifo cha ubongo, yaani hali ambayo ubongo umekoma kabisa ingawa mashine bado inapumulisha mwili.

Washkansky alikufa kwa nimonia baada ya siku 18. Kinga ya mwili, ambayo huvishambulia vijidudu, huushambulia pia moyo wa mtu mwingine, na dawa alizopewa ili kuituliza zilimwacha bila ngao mbele ya maradhi. Philip Blaiberg, daktari wa meno aliyefuata Januari 1968, aliishi zaidi ya miezi 19 kwa moyo wa Clive Haupt, kijana ambaye sheria za ubaguzi zilimweka katika kundi la machotara, na ambaye akiwa hai asingeruhusiwa kukaa ufukwe mmoja na Blaiberg.

Mwaka 1968 pekee ulishuhudia mapandikizi ya moyo zaidi ya 100 duniani, na wengi wa wagonjwa walikufa mapema kiasi kwamba hospitali nyingi ziliacha kabisa. Shumway hakuacha, na heshima kubwa zaidi ya historia hii inamstahili yeye. Stanford, Philip Caves alibuni kifaa chembamba kinachopitishwa katika vena ya shingo hadi moyoni, kikachukua kinyama kidogo mno cha kuchunguzwa kwa hadubini, hivyo dalili za mwili kuukataa moyo zikaonekana kabla mgonjwa hajadhoofika. Kisha ikaja siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway, ambayo huizuia kinga isiushambulie moyo bila kuizima yote. Ilipoanza kutumiwa Stanford mwishoni mwa mwaka 1980, wagonjwa walianza kuishi kwa miaka, na hospitali zilizokuwa zimeacha zikarudi. Dawa za namna hiyo mpokeaji wa moyo huzinywa kila siku, maisha yake yote.